Tukichoka na seri, tusichoke na jirani



Juma hili tunajibu swali. Mama mmoja wa huku kwetu Lac Vert alituletea neno lake baada ya mkutano, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari ya ugonjwa wa aibu. Wao ni wamama 6 wa avenyu moja. Kila mwezi kila mmoja anatoa dola 2, zinakuwa dola 12, mwenye tele analipa abonema, na kila jioni wanakutana kwake kuangalia seri ya Kihindi. Wameifuata miaka mingi. Sasa yeye haoni tena utamu wake. Anakaa pale, macho kwenye tele, lakini mawazo yako kwenye maharagi aliyoyaacha juu ya makala. Anataka kutoka, na anaogopa. Akitoka, wale 5 wanaobaki watapaswa kutoa karibu dola 2 na nusu kila mmoja, na kati yao kuna mmoja ambaye hata hizo 2 anazipata kwa kuuza sambaza siku nzima juani. Mama akauliza: "Ni mimi nimeharibika, ao ni seri imeharibika? Na nikiacha, si watasema nimewatupa?"

Wengine watacheka, watasema: mji huu una shida ngapi, na ninyi munaandika juu ya filme? Lakini tukiliangalia vizuri, swali hili lina pesa ndani, lina urafiki ndani, na lina jioni za wamama 6 ndani. Basi tulijibu kwa heshima.

Hadithi isiyotaka kuisha

Mama, hujaharibika. Kuna seri zilizotengenezwa ili zifike mwisho, na kuna seri zilizotengenezwa ili zisifike popote. Ukijua tofauti hiyo, hutajilaumu tena.

Novela za Meksiko ambazo wengi wetu tulizikuta tukiwa wasichana, kama Marimar ya mwaka 1994 ao Rosalinda ya mwaka 1999, zote mbili na yule Thalía, ziliandikwa zikiwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kule kwao kila moja ilianza na kuisha ndani ya mwaka mmoja. Msichana maskini anateswa, anaondoka, anarudi na nguvu, wabaya wanalipa, arusi inafungwa, watu wanaenda kulala. Hata kama ulilia, ulijua machozi yana mwisho.

Seri za namna ya pili zilianzia kwenye radiyo, kule Marekani, miaka ya 1930. Waliolipa gharama ni makampuni yaliyouza sabuni, kwa sababu yalijua kwamba mama anafua na kupika huku masikio yake yakiwa huru. Mpaka leo kwa Kiingereza seri hizo zina jina la sabuni. Moja inayoitwa Guiding Light ilianza kwenye radiyo mwaka 1937, ikaingia kwenye televizyo mwaka 1952, na ilifungwa mwaka 2009. Hiyo ni miaka 72. Ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa Les Feux de l'amour ilianza Marekani mwaka 1973 na bado iko mbele. Kazi ya hadithi hizo haikuwa kukufikisha mahali. Kazi yake ilikuwa kukurudisha kesho mbele ya tangazo la sabuni.

Seri nyingi za Kihindi zinazoingia manyumbani mwetu ni watoto wa ukoo huo wa pili. Tuchukue moja ambayo wengi munaijua, Kumkum Bhagya. Ilianza kwenye Zee TV ya India tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 2014. Mwanzo wake ulikuwa mzuri: mama mwenye jumba la kufanyia arusi, anayetafuta namna ya kuoza mabinti zake wawili, na mabinti hao hawafanani tabia. Wazo la kwanza lilitoka kwenye kitabu cha mwanamke wa Uingereza, Jane Austen, Sense and Sensibility, kilichotoka mwaka 1811. Kitabu kile kina mwisho. Seri ikapita mwisho huo ikaendelea. Miaka ikarukwa, Pragya na Abhi wakawa na mabinti mapacha wakubwa, Prachi na Rhea, hadithi ikawa ya hao. Miaka ikarukwa tena, ikawa ya binti wa Prachi. Epizodi zikapita 3000.

Tufanye hesabu kidogo, kama tunavyofanya kwenye likelemba. Epizodi 3000, tuseme kila moja dakika 20, ni dakika 60,000, ndiyo masaa 1000. Ukiangalia moja kila siku bila kukosa, unahitaji zaidi ya miaka 8. Mtoto aliyeingia mwaka wa kwanza wa masomo siku ile ulipoanza kuangalia, angekuwa amemaliza mwaka wa 8 wa masomo ya msingi. Yeye angekuwa amejifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na Kifaransa. Na mama mkwe wa kwenye tele bado angekuwa anaweka sumu ndani ya chai.

Kwa hiyo anayechoka na seri ya namna hiyo ana akili nzima. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Wenye kuitengeneza wenyewe wanajua kwamba watu wanachoka, ndiyo sababu wanaruka miaka, wanaleta sura mpya, wanaleta mapacha. Wanabadilisha sahani, lakini chakula ni kile kile.

Pale utamu unapotokea

Wengine wanasema tunachoka kwa sababu ya urefu tu. Haitoshi. Kuna mambo marefu ambayo hayatuchoshi. Ndoa ni ndefu, kulea mtoto ni kurefu, na bibi yako mzaa mama aliweza kukuhadithia habari ya sungura na fisi mara 100 na bado ukasema "rudia".

Utamu unaisha siku ambapo kitendo hakizai tena matunda. Mtu mbaya anakamatwa, juma linalofuata amesamehewa na anakula mezani na wale aliotaka kuwaua. Mwanamke anapigwa kofi, tunaonyeshwa sura 6 zinazoshangaa, kila moja mara 3, na muziki, halafu kofi lile halibadilishi kitu. Mtu anapoteza kumbukumbu, anaipata, anaipoteza. Na aliyekufa, tuliyemlilia, anarudi mlangoni akiwa na nguo safi.

Waamerika walikuwa na seri kubwa iliyoitwa Dallas, iliyoanza mwaka 1978 na kujulikana dunia nzima. Mwaka 1985 mmoja wa watu wake waliopendwa, Bobby, aligongwa na gari akafa, kwa sababu mchezaji wake alitaka kuondoka. Mwaka 1986 walimrudisha. Wangefanya namna gani? Walisema kwamba mambo yote ya mwaka mzima, kifo, mazishi, ndoa, ugomvi, yalikuwa ndoto ya bibi yake. Watu walikuwa wameangalia ndoto kwa mwaka mmoja bila kuambiwa. Seri ilikaa hewani mpaka mwaka 1991, lakini haikupanda tena pale ilipokuwa. Watu wanaweza kuvumilia hadithi ya uongo, maana wanajua ni hadithi. Wasichovumilia ni kuonekana wajinga kwa sababu walilia.

Na sisi wa Lac Vert tuna sababu yetu zaidi. Tunajua kifo ni nini. Tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa vita huku kwetu na Mugunga. Watu waliokufa siku ile hawakurudi kwenye epizodi iliyofuata. Kuna wamama kati yetu waliozika, na siku ya tatu wakaenda kuchota maji ziwani kwa sababu wale waliobaki walikuwa na kiu. Mwanamke wa namna hiyo ukimwonyesha kifo ambacho ni mchezo wa kumrudisha kesho mbele ya tangazo, anaweza kunyamaza, lakini ndani yake kuna kitu kinachofunga mlango.

Nilimwambia hivyo mama mwingine, naye ni mjane, nikidhani atakubali. Hakukubali. Alisema: "Mimi ndiyo sababu naangalia. Pale kuna mahali ambapo mtu anarudi." Sikuwa na la kujibu, na sidhani kwamba jibu lilihitajika. Tulishike neno lake, kwa sababu litatusaidia mbele. Anayechoka hana kosa, na anayebaki si mjinga. Wawili hao wanaweza kukaa juu ya benchi moja, mbele ya tele moja, kila mmoja na kidonda chake, na dawa ya mmoja ikawa chungu kwa mwingine.

Na ninyi wababa musicheke. Mpira wa Ulaya nao ni seri. Kila mwaka mwezi wa 8 unaanza upya, wachezaji wanahama kama mabibi arusi wa Kihindi, kocha anafukuzwa na kurudi, na abonema inalipwa. Tofauti ni kwamba ligi ina mwisho mwezi wa 5, mtu anapata kombe, na munapumzika kidogo. Katika jambo hilo mpira una adabu kuliko seri zetu.

Tulichokuwa tunakuja kutafuta

Sasa swali la pili, ambalo ndilo zito: nikiacha, nitakuwa nimewatupa?

Tukumbuke mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, wakati wa mapigano mjini Goma. Umeme ulikatika kwa siku nyingi, maji yalikatika, intaneti ilikatika. Tele zote zilikuwa nyeusi. Kwenye parseli nyingi watu walilala chini, watoto katikati. Baadaye milango ilipoanza kufunguka, jirani hakuuliza jirani yake kama Prachi ameolewa. Aliuliza: muko wazima? Muna maji? Mtoto wa homa namna gani? Na wale waliojua pa kugonga mlango ni wale waliokuwa na desturi ya kugonga mlango huo kila jioni. Mama aliyezoea kwenda kwa mwenye tele alijua wapi kuna mzee asiyeweza kukimbia, wapi kuna mjamzito, wapi kuna bidoni ya akiba. Hakujifunza hayo kwenye mkutano. Alijifunza kwenye benchi, wakati wa matangazo.

Hicho ndicho tulichokuwa tunakuja kutafuta, hata kama tulisema tunafuata seri. Kwa mwanamke wa huku, kutoka nyumbani jioni bila sababu si jambo rahisi. Bwana atauliza, mama mkwe atauliza, jirani atasema. "Naenda kuangalia seri kwa mama fulani" ni sababu inayokubalika. Seri ilikuwa kama kile kikapu ambacho msichana anabeba kwenda sokoni ili aweze kuongea na rafiki njiani. Kikapu kikitoboka, hatari ni kwamba safari nayo itakufa.

Kwa wamama waliotufikia wakikimbia vita kutoka Masisi ao Rutshuru, jambo hili ni kubwa zaidi. Mtu anafika avenyu mpya, hana ukoo, hana shamba, hajui duka lipi linakopesha. Hawezi kuingia kwenye likelemba kwa sababu hajulikani. Lakini anaweza kukaribishwa kuangalia tele. Anakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango. Mwezi wa kwanza anacheka wengine wanapocheka. Mwezi wa pili anaulizwa maoni yake juu ya wifi mbaya. Mwezi wa tatu anajulikana jina la mtoto wake wa kwanza, anaitwa mama wa fulani, na kisha hapo mtu anaweza kumdhamini. Tele ilimfungulia mlango ambao barua isingefungua.

Kwa hiyo, mama uliyetuuliza, wasiwasi wako ni wa kweli. Hukosei kuogopa. Unachopaswa kutenganisha ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja ndani ya kikwembe kimoja: seri, na wenzako. Kimoja unaweza kukiacha. Kile cha pili ukiacha, kurudi ni vigumu.

Namna ya kutoka bila kuvunja

Yanayofuata si sheria. Ni mashauri tuliyoyakusanya kwa wamama mbalimbali wa mtaa wetu, na kila mmoja achague linalomfaa.

La kwanza, sema mapema na sema mbele ya wote. Usinyamaze halafu ukakosa kutoa pesa siku ya abonema. Mwezi ukiwa katikati, waambie: "Wenzangu, mimi seri hii imenichosha. Mwezi huu natoa kama kawaida, na mwezi ujao bado natoa, ili tupate muda wa kupanga." Pesa inayotoka ghafula inaonekana kama hasira. Pesa inayotoka kwa taarifa ni mpango.

La pili, uliza kabla ya kutangaza. Uliza hivi tu: "Bado munaipenda?" Tulipomuuliza mama yule kama amewahi kuwauliza wenzake, alinyamaza kidogo, akasema hapana. Inawezekana wamama wote 6 wamechoka, na kila mmoja anakaa pale kwa kuogopa kuwaudhi wale 5. Inawezekana hata mwenye tele amechoka zaidi kuliko wote. Kila jioni anafagia, anatafuta viti, anawahamisha watoto wake wanaotaka kulala, na hawezi kusema kwa sababu ataonekana anafukuza watu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wakubwa. Seri hii imekuwa mgeni wa miaka na hakuna aliyewahi kumpa jembe.

La tatu, angalieni hesabu pamoja, na mumwangalie aliye dhaifu. Kama wamama 5 wanataka kuendelea na yule wa sambaza hawezi kuongeza, kuna njia. Mwenye tele aulize kama kuna abonema ndogo zaidi yenye chaneli ile. Ao mulipe mwezi mmoja na kuruka mwezi mmoja. Seri yenye epizodi 3000 haiwezi kukutupa kwa mwezi mmoja, utakaporudi utawakuta bado wako kwenye ngazi wakiangaliana. Ao yule asiyeweza kuongeza abaki na dola zake 2, na wengine wagawane kilichobaki. Lakini jambo hilo lisemwe kwa faragha, bila kumwaibisha mbele ya watoto.

La nne, weka pembeni pesa yako ya abonema, usiimwage. Dola 2 kwa mwezi ni dola 24 kwa mwaka. Si utajiri. Lakini ni madaftari na bic za mtoto, ni mtaji mdogo wa kuanza kuuza makala kwa rundo, ni sehemu ya likelemba. Ukiacha seri na dola 2 zikapotea kwenye mandazi ya njiani, umebadilisha hasara tu.

La tano, ambalo ndilo kubwa: shika saa ile ile. Wamama 6 tayari wanajua kwamba jioni, kabla giza halijaingia sana, wako huru kwa muda kidogo. Saa hiyo imepatikana kwa miaka, bwana ameizoea, watoto wameizoea. Musiirudishe. Siku 3 za juma iwe tele kwa wanaotaka, na siku nyingine iwe kitu kingine mahali pale pale: kushona, kusuka nywele, kuchambua sombe pamoja ya kesho yake, kusomeana barua za masomo ya watoto kwa wale wasiojua Kifaransa, kuhesabu likelemba. Aliyechoka na seri aje siku hizo. Aje hata siku ya tele, akae nje mlangoni na wenye kuchambua maharagi. Masikio yake yatapata habari, na macho yake yatapumzika.

La sita, mukitaka hadithi nyingine, chagueni yenye mwisho. Ulizeni kabla ya kuanza: ina epizodi ngapi? Imeisha kule ilikotoka? Kama hakuna anayejua, jueni munaingia kwenye nyumba isiyo na mlango wa nyuma.

Mazungumzo nayo yana adabu

Hapa tuweke onyo moja, kwa sababu hatutaki mutoe tele na kuweka moto. Watu wanadhani kwamba ukizima hadithi na kufungua mazungumzo, amani inakuja yenyewe. Huku kwetu Kivu jambo hilo lilipimwa. Kulikuwa na mchezo wa radiyo wa Kiswahili, Kumbuka Kesho, uliotengenezwa na shirika La Benevolencija ili kusaidia watu wa makabila na jamaa mbalimbali kuishi pamoja. Sehemu fulani watu walisikia mchezo peke yake. Sehemu nyingine, baada ya mchezo kulikuwa na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wazungumze juu ya waliyoyasikia. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mmoja na kuandika matokeo yake mwaka 2010. Wale waliohimizwa kuzungumza walizungumza zaidi, ndiyo. Lakini walikumbuka zaidi maudhi ya zamani, na walikuwa wagumu zaidi kusaidia watu wa jamaa wasiyoipenda.

Hiyo haina maana tunyamaze. Ina maana mazungumzo yanahitaji mtu wa kuyashika, kama vile sufuria inahitaji mkono wa kukoroga, bila hivyo inaungua chini. Seri ya Kihindi ilikuwa na faida moja ambayo hatukuiona: tulisengenya watu wasiokuwepo duniani. Tulimtukana wifi wa Mumbai, na hakuna wifi wa Lac Vert aliyeumia. Tukiizima, ulimi utatafuta chakula karibu. Basi wamama wa benchi wapatane tangu siku ya kwanza: hatutaji nyumba ya jirani, hatutaji kabila la mtu, na mmoja wetu, kwa zamu, ana haki ya kusema "tubadilishe neno" na wote wanatii bila kinyongo.

Na watoto wetu wa kike

Kuna watu wengine kwenye chumba kile ambao hatujawahesabu. Nyuma ya wamama 6, chini, kwenye mkeka, kuna wasichana wa miaka 12 na 14. Wao hawajachoka. Wanajifunza. Wanajifunza kwamba mwanamke mwema ni yule anayelia na kunyamaza, kwamba bwana anayekutukana mwaka mzima atakupenda mwisho, kwamba mama mkwe ni adui wa kuzaliwa. Sisi tulioolewa tunajua kipi ni kweli na kipi ni sabuni. Wao hawajui bado.

Siku utakapowaambia wenzako kwamba umechoka, mwambie na binti yako sababu. Mwambie: "Nimechoka kuangalia mwanamke anayevumilia bila kufika popote." Maneno hayo machache yatamfundisha kitu ambacho epizodi 3000 hazikumfundisha: kwamba mtu anaweza kuondoka mahali pasipomjenga, akaondoka kwa adabu, bila kelele, bila kuvunja undugu na wale wanaobaki. Huenda siku moja atahitaji kuondoka mahali pagumu zaidi kuliko mbele ya tele, na atakuwa ameona namna inavyofanywa.

Mama uliyetuuliza, jibu letu kwa ufupi ni hili. Hujaharibika. Toka kwenye seri, baki kwenye benchi. Lipa mwezi huu na mwezi ujao, useme mbele ya wote, na umshike mkono yule wa sambaza. Kama watanuna, watanuna juma moja. Jioni ukifika na bakuli lako la maharagi ya kuchambua, watasogea upate nafasi.

Na wengine munaosoma: jioni kwenu mnakutana wapi, na mnafanya nini? Mutuletee neno kwenye mkutano wa juma, kwa mdomo ao kwa karatasi, tutaliweka hapa bila kutaja jina la mtu. Mukae salama, na watoto wenu wote.